Jiko la Kupasha Nyumba Joto: Lipe Nafasi, na Moshi Upe Njia

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya baridi na jiko. Kama unaweza, chukua kalamu na karatasi, kwa sababu kuna vipimo ambavyo ungependa kumwonyesha fundi wako.

Sisi tunaoishi sehemu za juu, kama vile Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa, tunajua jinsi mwezi wa Juni unavyoingia hadi Agosti. Kuna asubuhi unaamka ukakuta sakitu imelala juu ya majani. Mtoto anakohoa, shosho analalamika magoti, na kila mtu anataka kukaa karibu na moto. Si kosa kutaka joto. Mtoto mchanga hasa hapaswi kupata baridi. Lakini namna tunavyoleta moto ndani ya nyumba inaweza kutuokoa au kutuua.

Nianze na nyumba moja niliyoitembelea mwezi wa Julai. Mama wa nyumba hiyo alikuja kliniki akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Alisema kichwa kinamwuma kila asubuhi, na mtoto anaamka akiwa mlegevu na kutapika. Nilipomwuliza zaidi, akasema hata mume wake na shosho wanaumwa na kichwa, lakini wakienda shambani kinapona. Wote wanne, kila asubuhi, na wakitoka nje wanapona. Nilishtuka, nikamwambia asiwashe kitu ndani usiku huo, na kesho yake nikaenda kumtembelea.

Ilikuwa nyumba ya mbao, kama nyingi za huku kwetu, imebandikwa magazeti ndani ili kuzuia upepo. Kwenye kona kulikuwa na jiko la chuma la kuni lenye dohani. Dohani ilitoka nyuma ya jiko, ikapita moja kwa moja kwenye ukuta wa mbao, ikaishia nje chini ya upenu. Upepo ukivuma, moshi ulirudi ndani. Usiku, familia ilifunga dirisha na kuziba nyufa kwa vitambaa. Nilipochana gazeti mahali bomba lilipogusa ukuta, ubao ulikuwa mweusi kama makaa. Nilibonyeza kwa kidole ukamomonyoka.

Mama yule akaniuliza, "Sista, kwani si mlituambia tuweke dohani? Nimetoa pesa zangu, na dohani si hiyo?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mbele ya kikundi chao na kusema, "Wekeni dohani." Sikusema ipite wapi, wala ikae mbali kiasi gani na mbao. Ndiyo maana leo nataka niseme yote.

Moshi na hewa isiyoonekana

Moto unaowaka ndani ya nyumba hutoa vitu viwili vibaya. Cha kwanza ni moshi tunaouona. Huo huingia katika mapafu ya mtoto na kumfanya apate nimonia kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Cha pili ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Ndiyo hutoka kwenye jiko la makaa hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Unaumwa na kichwa, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakuwa dhaifu, kisha usingizi mzito unakuja. Aliyelala hajui kinachotendeka. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo hatarini zaidi.

Kwa hiyo nasema wazi: jiko la makaa lisilo na dohani lisiingizwe mahali mnapolala, hata kwa dakika chache. Kuliacha "likapoe" chumbani ndiko kunakoua. Jiko la kupasha nyumba joto ni lile lililofungwa, lenye mlango, na lenye bomba linalotoa moshi nje.

Je, dohani inasaidia kweli? Ndiyo. Huko Guatemala, nchi ya milima yenye baridi kama kwetu, watafiti walifuata familia kuanzia mwaka 2002 hadi 2004. Nusu ya familia walijengewa jiko lenye dohani, na wengine wakaendelea na moto wa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba nimonia kali kwa watoto ilipungua kwa karibu thuluthi moja katika nyumba zenye dohani. Lakini majiko yale yalijengwa vizuri na kukaguliwa mara kwa mara.

Kipimo unacho mkononi

Huna haja ya kununua futi. Kunja mkono wako. Kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja, yaani karibu sentimita 45, au inchi 18. Kama mkono wako ni mfupi, ongeza upana wa vidole vinne. Shika kipimo hicho, kwa sababu karibu kila kitu nitakachosema ni dhiraa moja au mbili.

Mahali pa jiko

Jiko la chuma likae dhiraa mbili, yaani sentimita 90, kutoka kwa ukuta wa mbao, kitanda, pazia, kabati, gunia la nguo, au kitu chochote kinachoweza kushika moto. Pima kutoka pande zote, hata nyuma.

Watu wengi huniambia, "Lakini sista, ukuta haujawahi kushika moto, una joto tu." Ubao unaopashwa joto kila siku hukauka ndani, ukawa kama makaa pole pole. Mwaka wa kwanza hauoni kitu. Baadaye unashika moto kwa joto dogo ambalo zamani haungelijali. Ndivyo nilivyouona ubao wa nyumba ile.

Kama chumba ni kidogo na dhiraa mbili hazipatikani, weka kinga. Chukua bati, ulisimamishe kati ya jiko na ukuta, lisigusane na ubao. Acha nafasi ya inchi 1 nyuma yake, na uache wazi chini na juu ili hewa ipite ikipoza. Vipande vya chuma au vya udongo uliochomwa vinaweza kushikilia bati lisiguse ukuta. Ukifanya hivyo, jiko linaweza kusogea, lakini lisije karibu kuliko dhiraa moja. Bati lililopigiliwa misumari moja kwa moja juu ya ubao si kinga. Linapitisha joto lote kwenye ubao, na kukuficha usione ukiungua.

Chini ya jiko weka kitako cha matofali, mawe au saruji. Kama sakafu yako ni ya mbao, kitako hicho kitokeze dhiraa moja mbele ya mlango wa jiko, kwa sababu hapo ndipo makaa huanguka mtu anapotia kuni. Kama ukuta wako ni wa mawe, matofali au udongo mtupu hautashika moto, lakini bado acha nafasi ya kupitisha mkono na ufagio.

Na watoto je? Mtoto anayetambaa hajui chuma kina moto. Zungushia jiko uzio wa waya mgumu, ufungwe imara ukutani, na uwe mbali kiasi kwamba mkono wa mtoto haufiki. Usianike nepi juu ya bomba wala juu ya uzio huo.

Njia ya bomba

Moshi una tabia ya maji, ila maji hushuka na moshi hupanda. Unataka njia fupi na iliyonyooka. Njia nzuri kuliko zote ni bomba kupanda wima kutoka kwenye jiko, likapita kwenye mabati, likatokea juu ya paa. Kama ni lazima lipinde, lisiwe na kona zaidi ya mbili. Sehemu inayokwenda kando iwe fupi, isizidi dhiraa mbili, na iwe inapanda kidogo kidogo. Isilale kabisa, na kamwe isiteremke. Mahali bomba linapoteremka, masizi hujikusanya na moshi hurudi.

Upana wa bomba uwe sawa na tundu la jiko, kutoka chini mpaka juu. Kama tundu ni inchi 6, bomba liwe inchi 6 njia nzima. Fundi akikuambia apunguze ili bati litoshe, mwambie hapana. Akupe bati jeusi zito. Bati lililopakwa zinki, kama lile la paa, likipata moto mkali sana hutoa mvuke mbaya. Bomba la maji la plastiki lisitumike hata kidogo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata mafundi wengi hukosea. Vipande vya bomba vinapounganishwa, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini. Watu hufikiri ni kinyume, kwa kuogopa moshi kupenya. Lakini ndani ya bomba kuna jasho jeusi la masizi linaloteremka. Kipande cha juu kikiwa ndani, jasho hilo hurudi kwenye jiko na kuungua. Kikiwa nje, hutiririka ukutani na kuacha harufu mbaya. Kila kiungo kifungwe kwa skrubu tatu ili bomba lisianguke usiku.

Bomba nalo likae dhiraa moja kutoka kwa mbao. Hii ni pamoja na mbao zinazobeba mabati. Kwa hiyo tundu la paa litobolewe katikati ya mbao mbili, lisiwe kando ya ubao. Kama mbao zimekaribiana, ziwekewe kinga ya bati yenye nafasi ya hewa kama ile ya ukutani, na hata hapo zisiwe chini ya nusu dhiraa. Kama una dari ya mbao, gunia au nailoni, kata sehemu kubwa kuzunguka bomba, dhiraa moja kila upande, uweke bati mahali pake.

Kama bomba halina njia ila ukutani, basi ukuta wa mbao ukatwe dhiraa moja kila upande wa bomba, na pengo hilo lijazwe kwa matofali na udongo au saruji. Nje, bomba lipande hadi juu ya paa. Lisiishie chini ya upenu, na upenu wenyewe pia ukatwe usiguswe na bomba.

Juu ya paa, bomba litokeze dhiraa mbili kutoka mahali linapotoka. Pia liwe juu kuliko kitu chochote kilicho karibu nalo ndani ya mita 3, kama vile kilele cha paa au tangi la maji, kwa sentimita 60 au zaidi. Sababu ni upepo. Upepo ukipiga kilele cha paa hugeuka na kusukuma moshi urudi chini. Liwekewe kofia ya kuzuia mvua, lakini kofia isikae chini sana ikaziba mdomo. Kuzunguka tundu la paa weka bati la kuzuia mvua, na ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la paa ili maji yapite juu yake.

Kama nyumba yako ni ya nyasi, tafadhali usipitishe bomba la chuma kwenye nyasi. Jenga jiko katika jengo lenye mabati.

Kuwasha mara ya kwanza

Jiko jipya liwashwe kwanza nje, hasa kama limetengenezwa kwa pipa kuukuu, ili rangi na mafuta viungue. Likishafungwa ndani, liwashe mchana, watu wote wakiwa macho na milango wazi. Washa kipande cha karatasi mlangoni pa jiko. Moshi wake unapaswa kuvutwa ndani. Ukirudi usoni mwako, njia ina kasoro, na usitumie jiko mpaka irekebishwe.

Moto ukishawaka kwa saa moja, weka kiganja kwenye ubao ulio karibu zaidi na jiko, kisha kwenye ubao ulio karibu na bomba. Hesabu hadi 10. Ukishindwa kufika 10 kwa sababu ya joto, nafasi haitoshi.

Utunzaji

Tumia kuni kavu. Kuni mbichi hutoa masizi yanayonata kama lami ndani ya bomba, na siku moja masizi hayo yanaweza kushika moto na kuunguruma bombani. Katika miezi ya baridi, safisha bomba kila mwezi, jiko likiwa limepoa. Usichome plastiki wala kuwasha kwa mafuta ya taa. Majivu yatie kwenye debe la chuma na uyatoe nje ya nyumba, mbali na mbao, kwa sababu makaa huweza kukaa ndani ya majivu siku nzima.

Usizibe nyumba yote. Moto unahitaji hewa mpya ili moshi upande. Acha upenyo dirishani, upana wa vidole viwili au vitatu. Kama bomba lako lina kifuniko cha kupunguza moto, usikifunge kabisa wakati makaa bado ni mekundu. Na kabla ya kulala, acha moto ufifie.

Likitokea la kutokea

Kama watu zaidi ya mmoja nyumbani wanaumwa na kichwa pamoja, au mtoto ni vigumu kumwamsha, toeni kila mtu nje kwanza. Fungueni milango. Usikae ndani kutafuta vitu. Kisha nendeni hospitali, hata mkijisikia nafuu, na mwambie mhudumu, "Tulikuwa na moto ndani ya nyumba." Usipomwambia anaweza kufikiri ni malaria. Maziwa hayaondoi sumu hii. Kinachosaidia ni hewa safi, na oksijeni hospitalini. Kama aliyezimia hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kukanda kifua aanze mara moja wakati wengine wakitafuta gari.

Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mfunike apate joto na umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta.

Mwisho wa nyumba ile

Mtauliza ilikuwaje kwa yule mama. Hospitali iliwapima wote wanne na wakapona. Wiki iliyofuata, baba alimwita fundi mwingine. Jiko lilisogezwa kutoka ukutani, ubao ulioungua ukang'olewa, na bomba likanyooshwa kupitia mabati. Gharama haikuwa kubwa kama ile ya kwanza, kwa sababu jiko lilikuwa lile lile. Mama alipima kila nafasi kwa mkono wake, fundi akisubiri. Siku hizi majirani humwita aje kupima kwao.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, nikiondoka kumbuka haya. Jiko na mbao, dhiraa mbili. Bomba na mbao, dhiraa moja. Juu ya paa, dhiraa mbili. Bomba lipande, lisiteremke, na lisiishie chini ya upenu. Dirisha liwe na upenyo. Na jiko la makaa lisilale na mtoto.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, kunja mkono wako uende ukapime. Kama fundi alikosea, mwite arudi. Kama ni sisi wahudumu wa afya tuliokuambia nusu ya habari, tuulize nusu iliyobaki.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mabomba ya majiko mengi huishia wapi? Tuyatembelee matatu na kuyapima kwa dhiraa.
2. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba familia nzima inavuta hewa ya sumu, na tutafanya nini kwanza?
3. Nani kati yetu ana jiko lililo karibu na ukuta wa mbao, na tunaweza kumsaidiaje kabla ya miezi ya baridi?